Hukumu Imekwisha Tolewa, Nani Ataitekeleza? Serikali Kuu na Majimbo ya Marekani Katika Kadhia ya Mtumwa Mtoro

Katika mlango wa ukadhi, mafakihi wametuwekea kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi hukutana nayo mapema: hukumu ya hakimu huondosha khitilafu. Maana yake ni kwamba jambo likiwa ni la ijtihadi, na wanavyuoni wakawa na kauli mbili au zaidi juu yake, basi kadhi mwenye wilaya sahihi akishahukumu kwa kauli mojawapo, waliogombana mbele yake hawana tena ruhusa ya kushikilia ile nyingine katika shauri lile. Lau si hivyo, mashauri yasingekuwa na mwisho.

Lakini kanuni hii imebeba masharti mawili ndani yake. La kwanza ni wilaya: je, huyu ndiye hakimu wa jambo hili, katika mji huu, baina ya watu hawa? La pili ni mkono wa kutekeleza. Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058 Miladia), alipoeleza kazi za mahakama ya madhalimu katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya, alitaja kuwa moja ya kazi hizo ni kutekeleza hukumu ambazo makadhi wamezitoa kisha wakashindwa kuzipitisha, kwa udhaifu wao na kwa nguvu za yule aliyehukumiwa. Alikuwa kadhi, na alijua alichokuwa akisema. Hukumu inaweza kuwa sahihi kabisa kwenye karatasi, na mwenye haki yake akaondoka mikono mitupu.

Tumeitanguliza kanuni hiyo kwa sababu wasomi wengi wa zama zetu huizungumza katiba ya Marekani kana kwamba masuala hayo mawili yalimalizwa Philadelphia mwaka 1787, siku ilipotiwa saini. Historia yao wenyewe haisemi hivyo. Katiba ile, katika ibara yake ya sita, inasema kuwa yenyewe pamoja na sheria za serikali ya shirikisho na mikataba yake ndiyo sheria iliyo juu, na kwamba mahakimu wa kila jimbo wanafungwa nayo. Kisha mwaka 1791 yakaongezwa marekebisho kumi, na la kumi likasema kuwa mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa, wala majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwa hiyo serikali kuu ina kauli ya juu katika yaliyo yake, na jimbo lina yake. Ni nani basi wa kuamua lipi ni la nani? Katiba haikulitaja hilo kwa maneno ya wazi. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema ni yenyewe. Majimbo, kila lilipoyauma, yalisema sivyo.

Mfano wa kwanza ulio mashuhuri ni wa Georgia. Jimbo hilo liliitamani ardhi ya Wacherokee, watu wa asili wa nchi ile, ambao walikuwa na mikataba na serikali kuu. Georgia ikatunga sheria za kuitawala ardhi hiyo, na moja ya sheria hizo ilikataza mzungu kukaa humo bila kibali cha jimbo. Mmisionari Samuel Worcester alikataa kuomba kibali, na mwaka 1831 akahukumiwa kifungo cha miaka minne na kazi ngumu. Tarehe 3 Machi 1832 Jaji Mkuu John Marshall alitoa hukumu kwamba sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya ardhi ya Wacherokee, kwa kuwa mahusiano na watu hao ni ya serikali kuu peke yake. Georgia haikumfungua mtu. Worcester alibaki gerezani hadi Januari 1833, na alitoka kwa msamaha wa gavana, si kwa nguvu ya hukumu ile. Wacherokee wenyewe walihamishwa kwa nguvu ya jeshi mwaka 1838 na 1839. Walikuwa kiasi cha watu 16,000, na makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba 4,000 kati yao walikufa kambini na njiani.

Rais Andrew Jackson hunukuliwa sana kuwa alisema, kwa maana yake, kwamba Marshall ametoa hukumu yake, basi na aitekeleze mwenyewe. Maneno hayo yamo katika vitabu vingi, lakini tukiyapima kwa mizani ya wanahadithi, isnadi yake imekatika: yalichapishwa mara ya kwanza na mwandishi Horace Greeley mwaka 1864, zaidi ya miaka 30 baada ya tukio. Wanahistoria wa Kimarekani wengi hawayakubali kama kauli yake. Hata hivyo maana yake inashuhudiwa na vitendo, kwani Jackson hakunyanyua kidole kwa ajili ya hukumu hiyo.

Ajabu ni kwamba katika mwaka huo huo wa 1832, Jackson huyo huyo alinyanyua mkono mzima dhidi ya jimbo jingine. South Carolina ilitangaza kuwa sheria za ushuru wa forodha za mwaka 1828 na 1832 ni batili ndani ya mipaka yake kuanzia Februari 1833. Nadharia yake ilitokana na John C. Calhoun, aliyekuwa Makamu wa Rais: kwamba majimbo ndiyo yaliyoingia katika mapatano ya katiba, kwa hiyo kila jimbo lina haki ya kuhukumu kama serikali kuu imevuka mpaka, na kuibatilisha sheria yake. Jackson alitoa tangazo kali mwezi Desemba, Kongresi ikampa idhini ya kutumia nguvu, kisha ushuru ukapunguzwa na South Carolina ikarudi nyuma. Basi serikali kuu iliona inaweza kutumia majeshi kwa ajili ya forodha, na haikuona hivyo kwa ajili ya Wacherokee. Msomaji aliweke hili akilini, kwa sababu South Carolina tutakutana nayo tena.

Tuingie sasa katika kadhia iliyo nzito kuliko hizo. Katiba ya Marekani ilipoandikwa, neno "mtumwa" halikutiwa ndani yake. Lakini ibara ya nne iliweka kifungu kwamba mtu aliyefungwa kutumika katika jimbo moja, akikimbilia jimbo jingine, hawi huru kwa sheria ya jimbo alilokimbilia, bali atakabidhiwa kwa mwenye kumdai. Atakabidhiwa na nani? Kifungu hakisemi. Mwaka 1793 Kongresi ilitunga sheria iliyomruhusu bwana au wakala wake kumkamata mtoro, kumfikisha mbele ya hakimu wa shirikisho au hata hakimu mdogo wa mahali hapo, na kupewa hati ya kumrudisha. Katika majimbo ya kaskazini yaliyokuwa yakiondoa utumwa, sheria hiyo ilikuwa mlango wa wateka watu: alikamatwa mtoro, na akakamatwa pia aliyezaliwa huru.

Pennsylvania, iliyoanza kuuondoa utumwa hatua kwa hatua kwa sheria ya mwaka 1780, ilitunga sheria nyingine mwaka 1826 ili kuuziba mlango huo. Kumchukua mtu mweusi kwa nguvu na kumtoa nje ya jimbo kumpeleka utumwani ikawa ni jinai kubwa, na mdai akatakiwa afike mbele ya hakimu na alete ushahidi wa kutosha.

Hapa ndipo anapoingia mwanamke mmoja aitwaye Margaret Morgan. Wazazi wake walikuwa watumwa wa mtu wa Maryland aliyewaacha waishi kama watu huru, bila kuwaandikia hati ya uhuru. Margaret aliolewa na mtu huru, na mwaka 1832 walihamia Pennsylvania, wakaishi huko na kupata watoto. Mwaka 1837 warithi wa yule bwana walimtuma Edward Prigg na wenzake kumchukua. Walimfikisha mbele ya hakimu wa Pennsylvania, naye akakataa kuwapa hati. Wakamchukua bila hati, yeye na watoto wake, wakavuka naye mpaka kuingia Maryland. Angalau mtoto mmoja alikuwa amezaliwa katika ardhi ya Pennsylvania, ambako kwa sheria ya jimbo hakuna aliyezaliwa mtumwa.

Prigg alishitakiwa Pennsylvania na akaonekana na hatia. Shauri likafika Mahakama Kuu, na tarehe 1 Machi 1842 Jaji Joseph Story akatoa hukumu: sheria ya Pennsylvania ya 1826 ni batili, kwa sababu suala la watoro ni la serikali kuu peke yake, na jimbo halina idhini ya kuliwekea masharti. Prigg akawa huru. Margaret na watoto wake wakabaki utumwani. Shauri lilipewa jina la mtekaji na la jimbo, na katika kurasa nyingi za majaji wale, haki ya mama yule na watoto wake haikuwa ndiyo swali lililoulizwa.

Lakini hukumu ya Story ilikuwa na nusu ya pili. Alisema kuwa, kwa vile wajibu huu ni wa serikali kuu, majimbo hayawezi kulazimishwa kuwatumia maofisa wake kuutimiza. Mwanawe alidai baadaye kuwa baba yake aliiona hukumu hiyo kuwa ni ushindi wa uhuru. Dai hilo ni gumu kumeza mtu akimkumbuka Margaret. Lakini majimbo ya kaskazini yaliidaka nusu hiyo mara moja. Massachusetts na Vermont mwaka 1843, Pennsylvania mwaka 1847, Rhode Island mwaka 1848, yote yalikataza mahakimu wao kusikiliza madai ya watoro na magereza yao kuwapokea. Serikali kuu ilikuwa na hukumu, na haikuwa na mikono.

Inafaa tusimame hapa kidogo, kwa sababu suala la haki iliyothibiti katika mji mmoja na kudaiwa katika mji mwingine si geni kwa mafakihi. Ni mlango wa barua ya kadhi kwa kadhi. Kadhi wa mji wa mdai husikiliza ushahidi na kumwandikia kadhi wa mji aliko mdaiwa. Barua peke yake haitoshi. Wanatakiwa mashahidi wawili waadilifu wa kuyashuhudia yaliyomo. Na kadhi anayepokea si tarishi. Humleta mdaiwa, na mdaiwa akisema "mimi siye aliyetajwa", husikilizwa kwa kiapo chake mpaka mdai alete ushahidi. Zaidi ya hapo, katika madhehebu ya Imam Shafi'i, mtu mzima akidaiwa kuwa ni mtumwa naye akasema "mimi ni huru", kauli ni yake, na mzigo wa ushahidi uko juu ya mdai, kwa kuwa asili ya mwanadamu ni uhuru.

Hatusemi haya kwa kujisifu. Vitabu vyetu vina milango juu ya mtumwa mtoro, na Mahanafi wamemwekea mwenye kumrudisha ujira wa dirhamu 40 akimtoa mwendo wa siku tatu. Waislamu walimiliki watumwa, na wako waliodhulumu. Tunachopima hapa ni utaratibu wa kuhukumu: je, aliyedaiwa anasikilizwa au hasikilizwi?

Kwa mizani hiyo, itazame sheria mpya ya watoro iliyotiwa saini na Rais Millard Fillmore tarehe 18 Septemba 1850. Watu wa kusini, waliokuwa wakisema tangu siku za Calhoun kwamba serikali kuu isiguse mambo ya majimbo, ndio walioidai, na hakuna sheria ya wakati ule iliyoupeleka mkono wa serikali kuu ndani ya miji na nyumba za majimbo kama hiyo. Wakawekwa makamishna wa shirikisho wa kusikiliza madai. Ushahidi wa aliyekamatwa haukukubaliwa. Baraza la wazee wa mahakama halikuwepo. Raia yeyote aliweza kuitwa kusaidia ukamataji, na mwenye kumficha mtoro akikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Kamishna alilipwa dola 10 akitoa hati ya kumrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachia. Watetezi wa sheria walisema tofauti hiyo ni kwa ajili ya wingi wa makaratasi. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Sayyidna Ali (r.a.) Yemen, alimuusia asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie wa pili, sheria ya 1850 ilimziba mdomo wa pili, kisha ikamwongezea hakimu ujira.

Matunda yake yalionekana mapema. Desemba 1850, huko Philadelphia, kamishna alimtoa mtu aitwaye Adam Gibson apelekwe Maryland. Alipofikishwa, aliyesemekana kuwa bwana wake alimtazama na kusema huyu siye.

Msomaji Mwislamu asidhani mambo haya yalikuwa mbali na watu wa dini yake. Omar ibn Said, msomi kutoka Futa Toro katika Afrika Magharibi, alifikishwa Charleston mwaka 1807, akamkimbia bwana mkatili, akakamatwa katika jimbo jirani la North Carolina, na gerezani Fayetteville akaandika kwa Kiarabu ukutani. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake, akizitanguliza kwa Surat al-Mulk, sura inayoanza kwa kutaja ufalme uko mkononi mwa nani. Alikufa akiwa bado mtumwa.

Turudi kwenye sheria ya 1850. Joshua Glover alikuwa ametoroka Missouri na kufanya kazi katika kiwanda cha mbao karibu na Racine, Wisconsin. Machi 1854 alikamatwa usiku, akapigwa, akafungwa jela ya Milwaukee. Siku ya pili umati ulivunja mlango wa jela na kumtoa. Alifika Kanada, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 1888. Mhariri wa gazeti, Sherman Booth, aliyewahamasisha watu, alikamatwa na marshali wa shirikisho, Stephen Ableman, yaani ofisa wa kutekeleza amri za mahakama za serikali kuu.

Booth aliiomba Mahakama Kuu ya Wisconsin itoe hati ya kumfikisha mfungwa mbele ya hakimu, ili ijulikane amefungwa kwa haki gani. Mahakama hiyo ya jimbo ilisema sheria ya 1850 inapingana na katiba, ikamfungua. Mahakama ya shirikisho ikamshitaki upya, na Januari 1855 ikamhukumu kifungo cha mwezi mmoja na faini ya dola 1,000. Wisconsin ikamfungua tena. Washington ilipotaka kumbukumbu za shauri, mahakama ya jimbo ilimwamuru karani wake asizipeleke.

Kwa lugha ya fiqhi, majaji wa Wisconsin walikuwa wakidai nini? Mafakihi wanasema hukumu ya kadhi katika jambo la ijtihadi haivunjwi na kadhi mwingine. Lakini ikihalifu nassi iliyo wazi au ijmaa, huvunjwa. Wisconsin ilidai kuwa nassi ya katiba ni wazi: hakuna anayenyimwa uhuru wake bila ya kufuata utaratibu wa sheria, na Kongresi haikupewa popote mamlaka ya kutunga sheria ile. Jibu lilitoka tarehe 7 Machi 1859, kwa kauli moja ya majaji wote, likiandikwa na Jaji Mkuu Roger Taney. Hakuna hakimu wa jimbo, alisema, anayeweza kumfungua mtu aliyefungwa kwa amri ya shirikisho, na wa mwisho wa kusema nassi imekhalifiwa ni Mahakama Kuu, vinginevyo sheria moja itakuwa na maana tofauti katika kila jimbo.

Nasema wazi kwamba, kwa upande wa mfumo, hoja ya Taney ni yenye nguvu. Dola haiwezi kuwa na mahakimu wa mwisho zaidi ya mmoja. Lakini ni Taney huyu huyu aliyekuwa amehukumu Machi 1857, katika shauri la Dred Scott, kwamba mtu mweusi wa asili ya Kiafrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Wisconsin ilitakiwa imkubali kuwa ndiye msema wa mwisho juu ya uhuru wa mtu kama Glover. Baraza la kutunga sheria la jimbo likapitisha azimio la kuipinga hukumu hiyo na kuiita batili, likiazima maneno yaliyoandikwa mwaka 1798 na Thomas Jefferson kwa ajili ya Kentucky. Maneno yale yale ambayo watu wa Calhoun walikuwa wakiyategemea. Mahakama ya jimbo ilipotakiwa kuisajili hukumu ya Washington, majaji wawili waliosikiliza waligawanyika, na haikusajiliwa. Booth alikamatwa tena mwaka 1860, akasamehewa na Rais James Buchanan Machi 1861, katika siku za mwisho za uongozi wake.

Na South Carolina? Ilipojitenga Desemba 1860, ilitoa tamko la kueleza sababu. Msomaji angetarajia lalamiko kuhusu serikali kuu kuingilia majimbo. Lalamiko kubwa lililomo ni kwamba majimbo 13 ya kaskazini, Wisconsin ikiwa mojawapo, yametunga sheria za kuzibatilisha au kuzifanya zisitekelezeke sheria za Kongresi juu ya watoro. Jimbo lililodai haki ya kubatilisha mwaka 1832 lilijitenga kwa sababu wengine wamebatilisha. Na katiba ya dola mpya ya kusini ya mwaka 1861 ilikuwa na kifungu chake cha sheria kuu juu ya majimbo, pamoja na katazo la kutunga sheria yoyote ya kuondoa milki ya watumwa. Ndiyo maana siwaelewi waandishi wanaosema vita vile vilipiganwa kwa ajili ya haki za majimbo, kana kwamba haki hizo zilikuwa itikadi iliyosimama peke yake.

Hukumu za 1842, 1857 na 1859 hazikuondosha khitilafu. Iliondoshwa na vita vya miaka minne. Kongresi ilizifuta sheria za watoro Juni 1864, na marekebisho ya 13 ya katiba yakauharamisha utumwa Desemba 1865, isipokuwa kama adhabu ya jinai.

Lakini nusu mbili za kadhia hii hazikufa. Mwaka 1957 Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwatumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya sekondari ya Little Rock, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeshahukumu mwaka 1954 kuwa kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Safari hii mkono ulipatikana: Rais Eisenhower alipeleka askari wa divisheni ya 101 wawasindikize watoto hadi darasani. Septemba 1958 majaji wote tisa walitia saini hukumu iliyosema kuwa gavana hana hiari ya kuikataa kauli ya mahakama hiyo, na miongoni mwa hoja walizozitegemea ni hukumu ya Taney ya 1859 dhidi ya Wisconsin.

Ile nusu nyingine, ya Jaji Story, imebaki upande wa majimbo. Mwaka 1997 Mahakama Kuu iliamua kuwa serikali kuu haiwezi kuwaamuru maofisa wa jimbo kutekeleza mpango wake, katika shauri lililohusu ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki, na walioshangilia wakati ule walikuwa wahafidhina. Tangu mwaka 2017 hoja hiyo hiyo imesimamishwa mahakamani na miji na majimbo yanayokataa polisi wao wasitumiwe kuwakamata wahamiaji wasio na vibali.